Kiongozi wa dini anasema nitupe dawa, mdogo wangu anasema niache dini: nimsikilize nani?

Swali: "Dokta, habari. Nina miaka 34, nimelelewa kwenye dini na naipenda kutoka moyoni. Mama yangu alifariki mwaka jana na tangu hapo sijawa sawa. Nashtuka saa tisa usiku usingizi haurudi tena, nalia ovyo, kazi inanishinda, na kinachoniumiza zaidi nikisali sihisi chochote kabisa, naona kama Mungu ameniacha. Kuna siku natamani nisiamke tu. Hospitali wakasema ni sonona, wakanipa dawa na kunipangia mtu wa ushauri nasaha. Kiongozi wetu wa dini aliposikia akasema imani imepungua, nitupe dawa nifunge siku saba na kukesha. Mdogo wangu wa kiume aliye chuo anasema dini ndo inayoniumiza niachane nayo. Dawa nimemeza siku tisa sioni tofauti. Nimsikilize nani?"

Jibu: Dada yangu, pole sana. Pole kwa kuondokewa na mama, na pole kwa kubeba haya yote mwaka mzima huku kila mtu anakupa lake. Naanza na ya haraka. Dawa usiitupe. Huo mfungo na mikesha kwa sasa uache, nitakwambia kwa nini. Na hilo neno lako la kutamani usiamke nimelichukulia kwa uzito wote, kwa hiyo leo hii kabla hujalala mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, kisha mtafute daktari wako umwambie maneno hayohayo ulivyoniandikia mimi, usiyapunguze makali. Ukiona mawazo hayo yameanza kuja na mpango, yaani unajikuta unawaza lini na kwa njia gani, hapo hakuna kusubiri tarehe ya miadi, unaenda hospitali siku hiyohiyo na mtu wa kukushika mkono, na usibaki peke yako. Watu wa dini wanalificha hili kuliko kitu kingine chochote maana wameshaambiwa ni dhambi, wanaona hata kulitamka ni kumkosea Mungu, na kuficha huko ndo kunakowamaliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya 700,000 wanajiua kila mwaka, na kulizungumza hakumwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, kinyume chake kunampa pa kushika.

Sasa mdogo wako. Usimkasirikie, hajaokota hoja barabarani. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, mwaka 1907 aliandika kwamba ibada na vile vitendo vya kurudiarudia vya mgonjwa wa akili vinafanana, na mwaka 1927 akasema dini ni njozi iliyozaliwa na matamanio ya mwanadamu mwenyewe, na kwa miaka mingi baada yake madaktari wengi wa akili walizoea kuichukulia imani ya mgonjwa kama kipande cha ugonjwa wake. Lakini watu walipoanza kukaa chini na kupima, picha iliyotoka ni tofauti. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi iliyokusanya tafiti 147 zenye watu karibu 99,000 kuhusu dini na sonona, na ikaonekana kwamba wenye dini zaidi walikuwa na dalili chache kidogo za sonona. Nasema kidogo na namaanisha kidogo, mtu asikutangazie kwamba dini inazuia sonona, haizuii, waumini wazuri kabisa wanaugua kila siku. Ila uhusiano ule ulikuwa na nguvu zaidi kwa watu waliokuwa kwenye misukosuko mikubwa ya maisha, na we uko humo. Halafu mwaka 2016 mtafiti Tyler VanderWeele wa chuo kikuu cha Harvard na wenzake walitoa matokeo ya wauguzi wa kike wapatao 89,000 wa Marekani waliofuatiliwa tangu 1996 hadi 2010, na waliokuwa wanakwenda ibadani angalau mara moja kwa wiki kiwango chao cha kujiua kilikuwa chini karibu mara tano ukilinganisha na wasiokwenda kabisa.

Kuna la kuangalia hapo lakini. Anayeugua sonona huacha kutoka nyumbani, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa ni kwamba wagonjwa hawaendi ibadani, sio kwamba wanaokwenda hawaugui. Watafiti walijitahidi kuliondoa hilo kwenye hesabu na bado tofauti ikabaki. Mi naona sababu zake hazina ajabu: kuna watu wanaokujua kwa jina na watauliza usipoonekana, wiki inakuwa na mpangilio, pombe na vinavyofanana nayo vinakuwa mbali, na msiba unapata mahali pa kuwekwa badala ya kubaki kitu kisicho na maana yoyote. Émile Durkheim aliliona hilo la kufungamana na watu tangu 1897 alipochunguza kujiua, na alikuwa anasema kama mwanasosholojia, hakuwa anahubiri. Kwa hiyo mwambie mdogo wako kwamba kukuondoa huko, wakati huu ambao umeshampoteza mama, ni kukupokonya kitu cha pili kikubwa ndani ya mwaka mmoja, na yeye hana cha kuweka mahali pake.

Hata hivyo ana sehemu ya ukweli na sitaki uikose, kwa sababu inakuhusu moja kwa moja. Dini haifanyi kazi kwa namna moja kwa kila mtu. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, ametumia maisha yake ya kazi kuangalia watu wanavyoitumia imani wakipata shida, na akakuta njia kubwa mbili. Wapo wanaomwona Mungu kama aliye pamoja nao ndani ya tatizo, wanaomba nguvu, wanasamehe, wanatafuta msaada kwa waumini wenzao. Na wapo wanaoliona tatizo kama adhabu, wanajiuliza Mungu amewatupa au hawapendi tena, au wanaamini shetani ndiye aliyewafanyia. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wazee wagonjwa 596 waliowafuatilia kwa takriban miaka 2, na wale waliokuwa wanapigana na mawazo ya aina hiyo ya pili uwezekano wao wa kufariki ulikuwa juu kwa asilimia 19 hadi 28, hata baada ya kuzingatia hali yao ya afya ilivyokuwa mwanzoni. Sikwambii ili uogope, wale walikuwa wazee waliolazwa na we sio mmoja wao. Nakwambia ili ujue kwamba hilo wazo la "Mungu ameniacha" ni kitu cha kumpelekea mtu wa ushauri nasaha mkalizungumze wazi, tena mapema, sio kitu cha kuonea aibu na kukimeza usiku kwa usiku, na kwamba mtu anayekuongezea wazo hilo, hata awe na nia njema kiasi gani, anakuongezea ugonjwa.

Na hapa ndo nataka nikae kidogo, maana naona ndo kidonda chenyewe. Umeandika ukisali huhisi chochote. Dada yangu, sonona inaua hisia. Ni moja ya alama zake mbili kubwa, nyingine ni huzuni yenyewe: mtu hapati tena ladha ya vitu alivyokuwa anavipenda. Anayependa muziki unamsikilizisha haumgusi, mama anamwangalia mtoto wake aliyemzaa mwenyewe anaona hahisi yale mapenzi na anajiona shetani, na anayependa kusali anasali anakuta patupu. Hakuna anayemwambia yule wa muziki kwamba imani yake kwa muziki imepungua. Kwa mtu wa dini ugonjwa huu unaingia palepale penye thamani kuliko pote, na kwa kuwa yeye amezoea kuupima uhusiano wake na Mungu kwa hisia anazopata kwenye sala, anasoma dalili ya ugonjwa kama hukumu kutoka mbinguni. Unaona mtego ulivyo? Unaumwa, ugonjwa unazima hisia, unahitimisha Mungu ameondoka, huzuni inaongezeka, hisia zinazidi kuzimika. Halafu anakuja mtu kukwambia imani imepungua na we unakubali haraka, kwa sababu sonona nayo inakuletea hatia ambayo haina msingi. Nimekaa na wagonjwa waliokuwa na uhakika kabisa kwamba wametenda dhambi isiyosameheka, ukiwauliza ni ipi wanataja jambo dogo la miaka ya nyuma ambalo hata aliyekosewa hakumbuki, wakipona wanakuja wenyewe wanashangaa waliwezaje kuamini vile.

Kwa hiyo imani yako usiipimie kwenye kipindi hiki. Ungekuwa umeacha kweli usingeumia hivi kwa kutohisi.

Dini zetu zenyewe zinalijua hili kuliko wengi wanaozisimamia. Hujasema we ni wa dini gani, nitagusa zote mbili. Eliya kwenye Wafalme wa Kwanza sura ya 19 alikaa chini ya mti akaomba afe, nabii huyo, tena alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa kuliko wote, na malaika aliyetumwa kwake hakumkemea wala hakumwambia afunge, alimwamsha ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, maneno yalikuja baadaye sana. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina ule mstari wa furaha mwishoni, na bado iko ndani ya kitabu cha sala. Kwenye Qur'ani, Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na haisemwi popote kwamba imani yake ilipungua, kinyume chake huzuni yake aliipeleka kwa Mungu. Mtume Muhammad alikuwa anaomba dua ya kukingwa na wasiwasi na huzuni, na ni yeye aliyesema watu watafute tiba kwa sababu Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa. Yesu naye alisema wenye afya hawahitaji tabibu, wagonjwa ndo wanaohitaji. Ukirudi kwa kiongozi wako unaweza kwenda na haya, kwa heshima, hayatoki kwa daktari.

Na historia iko hivyohivyo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima cha kutunza mwili na nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile inayomshika mtu bila sababu ya wazi, hiyo ya pili akasema inatoka kwenye mwili na inatakiwa itibiwe kwa njia za mwili. Hospitali za watawala wa Kiislamu, ya Nur al-Din pale Damascus, mwaka 1154, na ya Qalawun pale Cairo, 1284, zilipokea wagonjwa wa akili pamoja na wengine. Geel, mji wa Ubelgiji, watu walikuwa wanahiji kanisani kwa Mtakatifu Dymphna kuombewa ugonjwa wa akili, wakiwa wengi familia za pale zikaanza kuwalaza majumbani mwao, na utaratibu huo una zaidi ya miaka 700 na upo mpaka leo. York huko Uingereza, mwaka 1796 William Tuke na wenzake wa dhehebu la Kikristo la Quaker walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili ambako minyororo haikuruhusiwa, wakati sehemu nyingi mgonjwa alikuwa anafungwa na kupigwa. Wote hao walikuwa watu wa sala, na kumtibu mgonjwa hawakukuona kama kumkana Mungu.

Nirudi kwenye mfungo na mikesha, hii nimeiona ikiharibu watu. Mtu mwenye sonona tayari halali na wengi hawali, ukimwondolea usingizi uliobaki na chakula kilichobaki unamsukuma chini zaidi. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: kwa mtu mwenye baipola, ugonjwa ambao mara nyingi huanza kwa sura ya sonona na kujulikana baadaye, kukosa usingizi siku kadhaa mfululizo kunaweza kumrusha kwenye hali ya kuchangamka kupita kiasi, anaongea bila kupumua, hahitaji kulala, anaona ametumwa na Mungu kazi maalum, na waliokuwa kwenye mkesha wanafurahi wakidhani amepokea, siku chache baadaye anaokotwa mbali hajui alifikaje. Na kwa anayetumia lithiamu, dawa inayotumika kutibu baipola, kufunga bila maji kunaweza kupandisha dawa kwenye damu mpaka iwe sumu. Mwezi wa mfungo ukifika na bado uko kwenye matibabu, usijiamulie mwenyewe, ongea na daktari kabla haujaanza, mara nyingi muda wa kumeza unapangwa upya na mtu anafunga salama, na wakati mwingine jibu ni hapana, na Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga.

Wengine watasema ni pepo. Sitabishana na mtu kuhusu ulimwengu wa roho, hiyo sio taaluma yangu. Ninachoshikilia ni kwamba hata anayeamini pepo hana haki ya kumfunga mgonjwa kamba, kumpiga, kumnyima chakula au kumkataza dawa, na ripoti ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilionyesha watu wenye magonjwa ya akili wanafungwa minyororo kwenye nchi zipatazo 60. Na kuna njia nyingine imeshajaribiwa. Ghana na Nigeria, utafiti uliochapishwa 2020 uliwaangalia wagonjwa 307 wa saikosisi, wale wanaosikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, waliokuwa kwenye vituo vya waganga wa jadi na vya maombi. Baadhi ya vituo vilishirikiana na wahudumu wa afya waliokuwa wanakwenda kuwaona wagonjwa na kuwapa dawa palepale huku maombi yanaendelea, na baada ya miezi 6 wagonjwa wa huko walikuwa na nafuu kubwa kuliko wa vituo vilivyoendelea kama kawaida. Wahudumu wa imani hawakufukuzwa, walifundishwa wakashirikiana. Mi ndo ninachokitaka kwa kiongozi wako.

Kwa hiyo mwendee, au mtume mtu anayemheshimu, umwombe vitu vya wazi: akuombee, aje nyumbani kukuona hata dakika chache, awaambie waumini wasikuache peke yako, na dawa asiiguse. Wengi nikiongea nao wanaelewa, walikuwa hawajawahi kuelezwa tu na wanabeba watu wengi kuliko uwezo wao. Akikataa, akasisitiza uchague kati ya yeye na hospitali, basi tafuta mwingine ndani ya dini yako hiyohiyo, wapo, na kubadilisha kiongozi sio kubadilisha Mungu. Dalili ya kuondoka haraka ni pale anapodai hela ili upone, anapokutenga na ndugu, au anapokuaibisha mbele za watu kwa kutopona.

Kuhusu sala zako zenyewe, zifupishe. Usijilazimishe saa nzima ya kutafuta hisia, soma maneno yaliyoandikwa na wengine, dua ya dakika mbili, zaburi moja, ukishindwa hata hiyo mwache mtu asali wewe umekaa tu pembeni yake. Wenye ile shida ya kurudiarudia, wanaorudia udhu mara kumi au kuungama jambo lilelile kila siku kwa hofu kwamba halijakubaliwa, hao kuongeza ibada kunawazidishia, wana tiba yao maalum na inafanya kazi vizuri zaidi kiongozi wa dini akishirikiana na mtaalamu. Kwa maelezo yako we huko haupo.

Kufiwa nako usikuchanganye. Huzuni ya msiba huja na kuondoka kama mawimbi, katikati mtu anacheka akimkumbuka marehemu, na hajidharau. Wewe unaeleza kitu kilichokaa hakiondoki mwaka mzima, kinakuamsha saa tisa, kinakwambia Mungu amekuacha. Hicho ni ugonjwa uliokuja juu ya msiba, vyote viwili vipo na vyote viwili vinahitaji nafasi, kwa hiyo kwa mtu wa ushauri usiende kuongelea dalili peke yake, muongelee mama, hata kama kumtaja unalia kipindi kizima.

Siku tisa ni chache mno kwa dawa hii. Wiki ya kwanza mara nyingi inaleta maudhi tu, kichefuchefu, kichwa, tumbo, na nafuu ya moyo huanza wiki ya 2 hadi ya 4, yenyewe hasa wiki ya 6 hadi 8, na usingizi huwa unatangulia kurudi kabla furaha haijarudi. Haikufanyi teja. Ila usiiache ghafla hata ukijisikia vizuri, kizunguzungu na hasira vitakusumbua na ugonjwa unaweza kurudi, kawaida tunaendelea angalau miezi 6 baada ya kupona halafu tunapunguza taratibu. Kwenye miadi inayofuata mwambie daktari hiyo saa tisa ya usiku, mwambie kama kuna mitishamba au maji ya dawa umepewa kunywa, maana mengine yanagongana na vidonge, mwambie kama kwenye ukoo wenu kuna mwenye baipola na umuulize kama nawe unatakiwa kuchunguzwa, na mwambie kabisa kwamba we ni mtu wa dini na hilo la sala linakuuma. Asipolijali hilo la mwisho, lirudie. Na wiki ya 6 ikifika bila mabadiliko yoyote, rudi umwambie hivyohivyo, dozi inaweza kupandishwa, dawa inaweza kubadilishwa, ziko za aina kadhaa na watu wengi wanaoshindwana na ya kwanza hupata nafuu kwa ya pili.